Mkataba wa muda mrefu kwa wachezaji vijana wa soka nchini Tanzania

Mkataba wa muda mrefu kwa mchezaji kijana ni makubaliano ya ajira kati ya klabu ya soka na mchezaji mwenye umri mdogo, kwa kawaida chini ya miaka 23, yanayodumu misimu mitatu au zaidi. Nchini Tanzania mikataba ya aina hiyo hufuata kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA), kanuni za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na sheria za nchi zinazohusu mikataba, ajira na watoto.

Swali gumu zaidi katika mikataba hiyo ni wakati wa kuitoa. Klabu inayosaini mapema mno hubeba mshahara wa mchezaji ambaye huenda asifikie kiwango cha Ligi Kuu. Inayochelewa humwona kijana iliyemlea akiondoka bila malipo, au kwa malipo madogo. Kwa upande wa mchezaji, mkataba mrefu humhakikishia kipato hata akiumia, lakini pia unaweza kumfunga kwenye mshahara wa chini katika miaka ambayo thamani yake inapanda kwa kasi. Suala hili lina uzito wa pekee katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Kibamba, Mbagala na Chamazi, ambako vijana wengi huanza soka katika timu za mtaa zisizo na mikataba ya maandishi.

## Mipaka ya kisheria

### Kanuni za FIFA

Kanuni za FIFA kuhusu Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji zinaweka mipaka ya urefu wa mkataba:

- mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauwi mfupi kuliko muda uliobaki hadi mwisho wa msimu, wala hauzidi miaka 5, isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu muda tofauti;
- mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3, na kipengele chochote kinachotaja muda mrefu zaidi hakitambuliwi;
- klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba na klabu nyingine inapaswa kuiarifu klabu hiyo kwa maandishi kabla ya kuzungumza naye. Mchezaji huwa huru kusaini kwingine mkataba wake ukiwa umekwisha au umebakiza miezi 6 au pungufu;
- uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea matokeo ya vipimo vya afya. Kwa hiyo klabu inapaswa kumpima mchezaji kabla ya kusaini, si baada yake.

Kanuni hizo pia zina "kipindi cha ulinzi". Kwa mkataba uliosainiwa kabla ya mchezaji kufikisha miaka 28, kipindi hicho ni misimu mitatu au miaka mitatu, kutegemea kipi kinatangulia. Mchezaji anayevunja mkataba ndani ya kipindi hicho bila sababu ya haki anaweza kufungiwa kucheza, mbali na kulipa fidia. Klabu nayo inaweza kuzuiwa kusajili.

Uhamisho wa kimataifa wa wachezaji walio chini ya miaka 18 umekatazwa kwa jumla. Miongoni mwa vighairi vilivyopo ni pale wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu soka, na pale mchezaji na klabu wanapokuwa karibu na mpaka wa nchi mbili. Kutokana na katazo hilo, kijana wa Kitanzania mwenye kipaji kikubwa kwa kawaida hubaki nchini angalau hadi afikishe miaka 18. Muda huo ndio ambao klabu ya nyumbani huwa nao kufanya uamuzi.

### Sheria za Tanzania

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, kwa sharti kwamba kazi hiyo haidhuru afya, makuzi wala masomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, mtu ambaye hajafikisha umri wa utu uzima hana uwezo kamili wa kufunga mkataba.

Kwa sababu hiyo makubaliano ya mchezaji wa miaka 16 au 17 husainiwa pamoja na mzazi au mlezi wake. Hata kwa saini hiyo, makubaliano hayo ni dhaifu kuliko mkataba wa mtu mzima yanapopingwa mbele ya chombo cha sheria. Klabu nyingi zenye uangalifu husaini mkataba mfupi kabla ya miaka 18, kisha hufunga mkataba mpya kijana anapofikisha umri huo.

## Historia

Kwa miongo mingi soka la Tanzania lilikuwa la ridhaa. Timu nyingi ziliendeshwa na mashirika ya umma, majeshi na wanachama, na mchezaji alipata kipato chake kupitia ajira ya kawaida katika taasisi iliyomiliki timu. Hali hiyo haijaisha kabisa: katika klabu za majeshi, kama JKT Tanzania na Tanzania Prisons, baadhi ya wachezaji ni askari.

Klabu kongwe za Dar es Salaam, Yanga (iliyoanzishwa 1935) na Simba (1936), kwa muda mrefu zilitegemea kuchukua wachezaji waliokwisha kuonekana katika timu nyingine. Mabadiliko yalionekana zaidi baada ya Azam FC kupanda Ligi Kuu mwaka 2008. Klabu hiyo ilijenga uwanja wake Chamazi, wilayani Temeke, pamoja na kituo cha kulelea vijana. Mwaka 2014 ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu. Miongoni mwa wachezaji waliopita katika malezi ya Azam ni Novatus Dismas, ambaye baadaye alicheza soka la kulipwa Israeli, Ubelgiji, Ukraine na Uturuki.

Duniani, jambo lililobadilisha zaidi thamani ya mkataba ni hukumu ya Bosman, iliyotolewa na Mahakama ya Haki ya Ulaya mwezi Desemba 1995. Hukumu hiyo ilimruhusu mchezaji wa Umoja wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha kuhamia klabu nyingine ndani ya umoja huo bila ada ya uhamisho. Tangu hapo klabu hupata fedha za uhamisho kwa sababu mkataba bado unaendelea, na kadiri muda unavyobaki kidogo ndivyo bei inavyoshuka. Mikataba mirefu kwa vijana ilienea kutokana na mantiki hiyo, na baadaye FIFA ikaweka fidia ya mafunzo ili klabu zinazolea zisiachwe mikono mitupu.

## Mazingira ya pembezoni mwa Dar es Salaam

Kibamba ni kata iliyoko kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa magharibi wa jiji. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo. Kama ilivyo Mbagala upande wa kusini, vijana wa huko hujifunza mpira katika viwanja vya shule na vya wazi, katika timu za mtaa, mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na za sekondari (UMISSETA), na michuano ya mtaani inayojulikana kama ndondo.

Mazingira hayo huathiri uamuzi wa mkataba kwa njia nne.

Kwanza, umbali. Makao makuu ya Simba na Yanga yako Kariakoo na Jangwani, na kituo cha Azam kiko Chamazi, upande wa pili wa jiji. Kijana anayeishi Kibamba hubadilisha daladala zaidi ya mara moja ili kufika mazoezini, akatumia saa kadhaa na nauli ya kila siku. Klabu isiyotoa malazi au nauli inaweza kumwona kijana akishuka kiwango kwa uchovu, ikadhani kipaji kimeisha.

Pili, kumbukumbu. Timu nyingi za mtaa hazijasajiliwa katika chama cha soka cha wilaya, na wachezaji wake hawamo katika mfumo wa usajili wa TFF. Mwalimu aliyemfundisha kijana miaka mitano anaweza kukosa karatasi hata moja ya kuthibitisha hilo.

Tatu, uthibitisho wa umri. Vijana wengine hawana cheti cha kuzaliwa, au walikipata wakiwa wakubwa. Udanganyifu wa umri umewahi kuigharimu Tanzania: timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2005 baada ya kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 mambo yaligeuka. Kongo Brazzaville iliondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo cha umri cha MRI, na Serengeti Boys ikachukua nafasi yake katika fainali zilizofanyika Gabon. Klabu inayompa kijana mkataba mrefu ikiamini ana miaka 17, kumbe ana 21, imenunua kitu tofauti na ilichokidhania.

Nne, shule. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, ligi ikiwa imeshika kasi. Kijana wa miaka 16 au 17 anayesaini bila makubaliano kuhusu masomo hujikuta akichagua kati ya chumba cha mtihani na safari ya timu.

## Hatua za umri

Jedwali lifuatalo linaonyesha aina ya makubaliano yanayolingana na kila hatua kwa kuzingatia kanuni zilizotajwa.

| Umri | Hali ya mchezaji | Makubaliano yanayofaa |
|---|---|---|
| 12–15 | Mwanafunzi, mchezaji wa ridhaa | Usajili wa ridhaa na barua ya malezi iliyosainiwa na mzazi. Hakuna mkataba wa ajira |
| 16–17 | Timu ya vijana, pengine mazoezi na kikosi cha kwanza | Mkataba wa mwaka 1 hadi 3 wenye saini ya mzazi na kipengele cha masomo |
| 18–20 | Anaanza kupata dakika za kikosi cha kwanza, au yuko kwa mkopo | Miaka 3 hadi 4, mshahara ukipanda kwa hatua |
| 21–23 | Mchezaji wa kawaida wa kikosi cha kwanza | Hadi miaka 5, pamoja na kipengele cha kuvunja mkataba |

Umri wa miaka 18 ndio njia panda kubwa kuliko zote. Siku anapoufikisha, kijana anaweza kusaini mwenyewe, anaweza kuhamia nje ya nchi, na ukomo wa miaka 3 unaondoka. Klabu iliyosubiri siku hiyo ifike ndipo ianze mazungumzo huwa imechelewa, kwa kuwa mawakala na klabu za nje huihesabu siku hiyohiyo.

## Vigezo vya uamuzi

### Dakika za kucheza na watu wazima

Mabao ya mashindano ya vijana pekee hayatoshi kuwa ushahidi. Wavulana hupitia kipindi cha kukua haraka kwa nyakati tofauti, wengi kati ya miaka 13 na 15. Aliyetangulia kukua huwazidi wenzake nguvu na mbio katika timu ya chini ya miaka 15 au 17, lakini faida hiyo hupungua wenzake wanapomfikia. Aliyechelewa kukua, ambaye amelazimika kutumia akili na mguso wa mpira, anaweza kuwa mchezaji bora zaidi akifika miaka 20.

Kwa hiyo kipimo chenye uzito zaidi ni namna kijana anavyocheza dhidi ya watu wazima: katika kikosi cha kwanza, katika Ligi ya Championship kwa mkopo, au hata katika mechi za kirafiki dhidi ya timu za ligi. Klabu isiyompa kijana dakika hizo haiwezi kujua inasaini nini. Clement Mzize wa Yanga, aliyepandishwa kutoka timu ya vijana mwaka 2022, ni mfano wa mchezaji ambaye thamani yake ilijulikana kwa kutumiwa katika mechi za ligi na za Afrika.

### Muda uliobaki

Mkataba wa miaka mitatu una miaka miwili tu ya utulivu. Ukibakiza mwaka mmoja, klabu nyingine huanza kungoja, na ukibakiza miezi 6 mchezaji anaweza kusaini kwingine. Klabu inayotaka kumbakiza kijana huanza mazungumzo miezi 18 hadi 12 kabla ya mwisho. Wakati huo mchezaji naye bado ana sababu ya kusikiliza, kwa kuwa nyongeza ya mshahara huanza sasa badala ya kusubiri mkataba uishe.

### Uwezo wa klabu kulipa

Mkataba wa miaka 5 ni deni la miezi 60. Klabu inayotegemea mapato ya milangoni au mdhamini mmoja inaweza kushuka daraja au kupoteza udhamini kabla ya nusu ya muda huo. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya angalau miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15. Asipolipwa ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Klabu yenye mikataba mirefu isiyolipika huishia kumkosa mchezaji na bado ikabaki na fidia ya kulipa.

### Hali ya afya

Majeraha ya goti na kifundo cha mguu ni ya kawaida kwa vijana waliokulia kwenye viwanja vigumu vya vumbi. Jeraha la zamani lisilotibiwa vizuri halionekani katika mazoezi ya siku mbili. Vipimo kamili kabla ya kusaini ni nafuu kuliko kumlipa mchezaji aliyelala nyumbani.

### Matakwa ya mchezaji na familia

Katika familia yenye kipato kidogo, dau la usajili la siku ya kwanza linaweza kuonekana kubwa kuliko jumla ya mishahara ya miaka inayokuja. Kwa mfano, kijana wa miaka 18 akisaini miaka 5 kwa mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi bila kipengele cha kupandishwa, atakuwa akilipwa shilingi 500,000 hata akiwa na miaka 22 na anaitwa timu ya taifa. Klabu inaweza kuona imepata faida, lakini mchezaji anayejiona ameonewa mara nyingi hutafuta njia ya kutoka, na mgogoro unaofuata humpunguzia thamani kwa pande zote mbili.

## Fidia ya mafunzo na mgawo wa mshikamano

Hofu ya kumpoteza kijana bure huzisukuma klabu ndogo kusaini mikataba mirefu kuliko inavyohitajika. Kanuni za FIFA zina njia mbili zinazopunguza hofu hiyo.

Fidia ya mafunzo hulipwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine. Hulipwa pia anapohama kimataifa kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda anaofikisha miaka 23. Miaka ya mafunzo inayohesabiwa ni kati ya 12 na 21. Kiasi hutegemea daraja la klabu mpya: kwa Ulaya ni euro 90,000 kwa mwaka kwa klabu za daraja la kwanza, 60,000 kwa la pili, 30,000 kwa la tatu na 10,000 kwa la nne. Kwa miaka ya 12 hadi 15 hutumika kiwango cha daraja la nne. Kwa mfano, mchezaji aliyelelewa na klabu moja ya Dar es Salaam katika miaka ya umri wa 16 na 17, kisha akasajiliwa na klabu ya daraja la pili Ulaya akiwa na miaka 18, anaweza kuiletea klabu hiyo euro 120,000. Hakuna fidia mchezaji anapohamia klabu ya daraja la nne.

Mgawo wa mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa, inayogawanywa kwa klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 hupata asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa 16 hadi 23 hupata asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa kwa dola 1,000,000, klabu iliyomlea tangu miaka 12 hadi 15 hupata dola 10,000. Mgawo huo hulipwa kila anapouzwa kimataifa, hata miaka mingi baada ya kuondoka kwenye klabu hiyo.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, kinachotumia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji kujua alisajiliwa wapi na lini. Msimu usioonekana katika pasipoti hiyo haulipwi. Kwa timu ya Kibamba au Mbagala, kuwasajili vijana katika mfumo wa TFF tangu miaka 12 kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko mkataba wa miaka mitano. Usajili hauhitaji mshahara, na haki inayotokana nao haiishi mkataba unapoisha.

## Vipengele vya mkataba

Urefu wa mkataba hauwezi kupimwa peke yake. Mkataba wa miaka 4 wenye vipengele vizuri unaweza kumfaa mchezaji kuliko wa miaka 2 usio navyo. Vipengele muhimu ni hivi:

- Ngazi za mshahara: mshahara hupanda kila msimu, au mchezaji anapofikisha idadi fulani ya mechi za kikosi cha kwanza.
- Kipengele cha kuvunja mkataba: kiasi kinachojulikana ambacho kikilipwa mchezaji anaruhusiwa kuondoka. Kinapaswa kueleza nani analipa, lini, na kama klabu inaweza kukataa.
- Masomo: ruhusa ya kufanya mitihani na wajibu wa klabu kuhusu ada.
- Matibabu na hifadhi ya jamii: michango ya NSSF na utaratibu wa matibabu baada ya kuumia.
- Mkopo: haki ya mchezaji kupelekwa timu nyingine asipopata dakika.
- Nyongeza ya muda: vipengele vinavyoipa klabu peke yake haki ya kuongeza mkataba huzua mabishano mara kwa mara, na vyombo vya usuluhishi wa soka havivikubali kwa urahisi.
- Nakala: mchezaji, klabu na TFF kila mmoja abaki na nakala ileile iliyosainiwa kila ukurasa.

Wakala anayemwakilisha mchezaji aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na mkataba wa uwakilishi hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, ni miongoni mwa vyombo vinavyotetea haki za wachezaji nchini.

## Mifano

### Mbwana Samatta

Samatta, aliyekulia Mbagala wilayani Temeke, alichezea African Lyon kisha Simba. Mwaka 2011, akiwa na miaka 18, alijiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi baada ya klabu hizo mbili kukutana katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Alikaa huko takriban miaka mitano, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015 na kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Januari 2016 alihamia KRC Genk ya Ubelgiji mkataba wake na Mazembe ukiwa umebakiza miezi michache tu. Mazembe ilinufaika na miaka mingi ya huduma yake uwanjani, lakini ilifika mezani ikiwa na nguvu ndogo ya kudai bei. Genk nayo ilimpa mkataba wa miaka minne na nusu, ikamwuza Aston Villa ya Uingereza Januari 2020.

### Kelvin John

Kelvin John, mshambuliaji wa Serengeti Boys katika fainali za Afrika zilizofanyika Tanzania mwaka 2019, alivutia klabu za Ulaya akiwa na miaka 15. Kutokana na katazo la uhamisho wa watoto hakuweza kusajiliwa na klabu ya kulipwa ya nje kabla ya wakati. Alipitia masomo na mafunzo ya soka nchini Uingereza, na Genk ilimpa mkataba wake wa kwanza wa kulipwa alipofikisha miaka 18 mwezi Juni 2021. Mwaka 2024 alihamia Aalborg ya Denmark.

### Ramadhani Singano

Singano, aliyetokea timu ya vijana ya Simba, aliingia katika mgogoro na klabu hiyo mwaka 2015 kuhusu tarehe ya mwisho ya mkataba wake. Mchezaji alisema unaisha mwaka huo, klabu ikasema unaendelea hadi 2016. Baada ya suala kufikishwa TFF na mkataba kubainika kuwa na kasoro, alijiunga na Azam FC. Mgogoro huo ulionyesha kwamba mkataba mrefu usio na nakala zinazolingana hauilindi klabu iliyomlea mchezaji.

### Feisal Salum

Feisal alijiunga na Yanga mwaka 2018 akitokea JKU ya Zanzibar, akiwa na miaka 20, na baadaye mkataba wake uliongezwa hadi 2024. Desemba 2022 alitangaza kuondoka baada ya kuweka fedha kwenye akaunti ya klabu, akiamini mkataba unamruhusu kuuvunja kwa njia hiyo. Yanga ilikataa. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Hakurejea uwanjani kwa muda uliobaki wa msimu. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliuomba uongozi wa Yanga umalize suala hilo, na mchezaji akahamia Azam FC. Mkataba ulikuwa halali, lakini pande mbili zilikisoma tofauti kipengele cha kuvunja, na kila upande ulipoteza nusu msimu.

## Katika nchi nyingine

Nchini Uingereza kijana wa akademi hupewa nafasi ya mafunzo akiwa na miaka 16, na anaweza kusaini mkataba wa kulipwa akifikisha miaka 17. Klabu hulazimika kumjulisha mapema kama itaendelea naye, jambo linalompa muda wa kutafuta timu nyingine.

Mikataba mirefu kupita kiasi imeonekana pia katika soka tajiri. Chelsea ilimsaini Mykhailo Mudryk kwa miaka minane na nusu mwezi Januari 2023, ikigawa gharama ya uhamisho kwa miaka mingi katika hesabu zake. Mwaka huohuo UEFA iliweka ukomo wa miaka 5 katika kugawa gharama hizo. Kwa klabu za Afrika Mashariki sababu ya mikataba mirefu ni tofauti: si mbinu ya kihesabu, bali ni jitihada ya kulinda mali pekee ambayo klabu inaweza kuiuza.

## Tazama pia

- Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania
- Ligi Kuu Tanzania Bara
- Azam F.C.
- Mbwana Samatta
- Kibamba
- Hukumu ya Bosman